Mchukuaji Ameonyeshwa

Nakala za rangi za jalada la wizara zilifika ofisini kwa Wakili siku ya Jumanne asubuhi, zimefungwa utepe kama zawadi ya harusi. Zilikuwa kurasa sitini na tatu, zote zimenyooka, hakuna hata moja yenye alama ya kukunjwa sikio. Afande alianza kuzigeuza saa mbili, na ilipofika saa nne alikuwa ameshazichukia.

Upolisi alikuwa ameuacha miaka mitatu nyuma, lakini jina la Afande lilikataa kumwacha. Hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Wakili alikuwa amemwajiri kwa sababu moja tu, na hakuwahi kuificha: kesi hii Afande aliijua kutoka upande wa pili. Yeye ndiye aliyemtia Sista pingu.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekufa katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya serikali, wote kwa homa, siku chache baada ya kujifungua. Vifaa vilivyowakata na kuwashona havikuwa vimetakaswa, maana mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa ilikuwa imeharibika. Serikali ilimpata mkosaji upesi: Sista, muuguzi wa chumba cha vifaa. Alikamatwa vifo vilipofika vinane. Watatu wengine walikufa yeye akiwa tayari rumande, na serikali ikasema bila haya kwamba hao nao waliuawa na vifaa alivyoviacha. Akapewa miaka minane. Waume na mama za marehemu hawakuridhika, kwa kuwa walimjua Sista kama mtu pekee pale hospitalini aliyekuwa akiipigia kelele mashine ile. Waligonga milango ya mahakama zote za nyumbani, ikafungwa yote. Ndipo Wakili akaishitaki serikali yenyewe mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya haki za binadamu, huko ng'ambo, kwa niaba yao na kwa niaba ya Sista pia.

Sasa kesi ilikuwa imebaki na swali moja. Je, wizara ilijua? Sista alisema aliandika barua nne akiomba mashine itengenezwe. Wizara ilisema haikupata hata moja. Kama ilijua ikanyamaza, uzembe ni wa serikali na Sista anatoka. Kama haikujua, uzembe ni wa Sista, naye atamalizia miaka yake mitatu iliyobaki. Ushahidi mpya ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi alasiri.

"Umeona nini?" aliuliza Wakili. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa akitafuna vifuniko vya kalamu, na mezani kwake hapakuwa na kalamu yenye kifuniko kizima.

"Naona usafi."

"Usafi si kosa."

"Masijala si mahali pa usafi, Wakili. Jalada lililokaa masijala miaka mitatu lina vituko vyake. Huku kuna duara la kikombe cha chai, huku karatasi imetobolewa mara mbili. Hili limepigwa pasi." Akaweka ukurasa wa kwanza na wa mwisho sambamba. "Kila karatasi ikiingia kwenye jalada inapewa namba siku hiyo hiyo, pembeni kulia, kwa wino mwekundu. Folio ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Hizi mbili zimepishana miaka mitatu. Tazama namba."

Wakili akatazama. Wino ulikuwa ule ule, kalamu ile ile, na mlalo ule ule wa mkono.

"Wamehesabu upya," alisema.

"Ndivyo."

"Au karani alikuwa na kalamu nzuri. Ningekuwa upande wao ningesema hivyo, na majaji wangenisikiliza." Akatoa kifuniko mdomoni. "Wewe uliwahi kulishika jalada lenyewe, wakati wa upelelezi."

"Nililichukua siku mbili. Nilishaeleza kwa kiapo, kwenye kesi ya Sista. Nililipitia lote, sikuona barua ya kuomba mashine."

"Lilikuwa na kurasa ngapi?"

"Miaka mitano imepita, Wakili. Wewe unakumbuka ulichokula jana mchana?"

"Nakumbuka. Sikula."

Afande alikuwa na nadharia yake, nayo ilimfaa: barua zilipotelea njiani. Mchana ule ule akamfuata tarishi wa hospitali, mtu mrefu aliyekuwa akibeba barua kwa baiskeli na ambaye kila mtu alisema anapenda kupitia vilabuni. Tarishi hakukasirika. Alisema vilabuni alipita, lakini wakati wa kurudi tu. Barua za Sista alizikumbuka kwa sababu Sista alikuwa akimsindikiza hadi getini na kumwombea safari njema kama anakwenda Hija.

"Nilizifikisha dirishani kwa Mama Masijala," alisema. "Na yule mama, afande, hapokei bahasha kienyeji. Utasaini mpaka mkono uume."

Nadharia ikafa hapo.

*

Mama Masijala, aliyekuwa mtunza majalada wa wizara, alikuwa amestaafu. Jumatano asubuhi Afande alimkuta barazani kwake, amezungukwa na madaftari ya wajukuu, akiyavika magazeti ya zamani yasichakae. Kila daftari alilibandika karatasi nyeupe, na juu yake akaandika jina la somo, darasa, na namba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, lakini usikalie Hisabati."

Afande akalisogeza daftari la Hisabati, akakaa, akamkabidhi zile nakala. Mama Masijala alivaa miwani, akalamba kidole, akafunua kurasa kama kumi. Uso ulianza kumbadilika kwenye ya saba.

"Huyu ni nani?"

"Nani, mama?"

"Huyu aliyeandika namba kwenye jalada langu."

"Si wewe?"

"Mimi?" Alisema kwa namna ya mtu aliyeambiwa ameiba. Akanyanyua daftari la mjukuu mmoja, akaligonga kwa kidole pale alipoandika Darasa la 7. Ile saba ilikuwa na kistari kinachoikata katikati. "Saba yangu mimi inavaa mshipi. Nimeivisha mshipi tangu nilipokuwa chuoni, mtu asije akaisoma moja. Sasa tazama hizi. Saba, kumi na saba, ishirini na saba. Zote ziko uchi."

Afande alitazama. Alifungua kijitabu chake cha mfukoni, akaandika neno moja: mshipi.

"Barua za Sista wa wazazi zilikufikia?"

"Zilinifikia. Nne. Niliziweka kwenye jalada, nikalipeleka kwa mkurugenzi kila mara. Unajua alichoandika juu yake? Lete tena."

"Maana yake?"

"Maana yake, sasa hivi sitaki kusumbuliwa, nikumbushe baada ya wiki tatu. Wiki tatu zikifika nalibeba, napanda ngazi, namwekea mezani. Anaandika lete tena. Nashuka nalo." Alivua miwani. "Wanawake wa watu wanakufa, na mimi nabeba jalada, napanda nalo, nashuka nalo. Linaniuma hilo. Sikufichi, mwanangu, linaniuma mpaka leo."

"Mbona hukusema kwenye kesi?"

"Nani aliniita?"

Afande alikifunga kijitabu chake. Kupanga mashahidi wa kesi ile ilikuwa kazi yake.

"Utakubali kuapa sasa?" aliuliza.

"Nitaapa hata kesho. Lakini mimi ni bibi niliyestaafu kwa kugombana na bosi. Watasema nina kinyongo, na kinyongo kweli ninacho. Wewe unataka karatasi." Alianza kumkagua Afande, kuanzia viatu kwenda juu. "Halafu nashangaa unaniuliza mimi. Wewe si ulikuja kulichukua jalada hili? Nilikusimamisha dirishani karibu nusu saa."

"Nakumbuka uliniudhi."

"Niliwaudhi wote. Ulikuwa unatazama saa."

"Bosi wangu alilitaka kabla ya mchana."

"Haya." Akarudi kwenye gazeti lake na gundi. "Nenda masijala. Usihangaike na masanduku, watakuwa wameyasafisha. Omba daftari la mwendo wa majalada. Kubwa, mgongo wa turubai, limefungwa kwa kamba pale dirishani. Kila jalada likitoka linaandikwa humo, nani kachukua, folio ngapi zimetoka, ngapi zimerudi. Waliotumwa kusafisha watakuwa wameambiwa wabebe vitu vya mwaka ule. Daftari lile haliendi kwa mwaka, linatumika mpaka liishe. Wangelibeba, kesho yake wizara nzima isingepata jalada hata moja."

Afande alishukuru, akanyanyuka. Alipofika kwenye ngazi ya baraza, bibi akamwita.

"Afande. Ukilifungua, soma. Safari hii soma."

*

Amri ya Mahakama ya Kimataifa iliruhusu upande wa Wakili kukagua kumbukumbu za masijala kwa siku moja, Alhamisi, mbele ya mwanasheria wa serikali. Mwanasheria huyo alikuwa kijana wa suti ya buluu, mpole, aliyemwamkia Afande kwa heshima zote na kumtafutia kiti kisichoyumba.

Masijala ilikuwa chumba kirefu cha chini, chenye rafu za chuma hadi darini na harufu ya karatasi na dawa ya mende. Karani wa zamu alileta sanduku la mwaka uliotakiwa. Daftari la barua zinazoingia halikuwemo. Shajara ya lete tena, ambamo Mama Masijala alikuwa akiandika siku za kumkumbusha mkurugenzi, haikuwemo pia.

"Panya," alisema karani.

"Wamekula mwaka mmoja tu?"

Karani alimtazama mwanasheria. Mwanasheria alitazama viatu vyake.

Afande alifunga sanduku, akaenda dirishani. Daftari lilikuwepo, nene kama tofali, limekaa juu ya kaunta huku kamba ya katani ikilifunga kwenye msumari. Mhudumu mmoja wa ofisi ya juu alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kusaini humo.

"Hilo ni la kazi za kila siku, mzee," alisema mwanasheria.

"Amri inasema kumbukumbu zote. Isome tena kama una shaka."

Mwanasheria hakuisoma. Afande akavuta kiti, akaanza kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, kidole kikishuka kwenye safu ya namba za majalada. Alianza na mstari wa karibu zaidi na leo, kama alivyozoea kufanya kazi. Baada ya robo saa akaupata. Jalada lilikuwa limechukuliwa na ofisi ya mkurugenzi, wiki sita baada ya Sista kukamatwa. Zilizotoka: folio 67. Zilizorudi: folio 63. Saba ile ilikuwa uchi. Ulikuwa mkono wa karani mpya, mgeni kazini, aliyerudishiwa jalada lililopungua karatasi nne, akahesabu kama alivyofundishwa na kuandika alichohesabu. Waliozinyofoa barua walikumbuka kubadilisha namba zote ndani ya jalada. Hawakumkumbuka mtu wa dirishani.

Afande alitoa sitini na tatu kwenye sitini na saba. Nne zimetoka, na Sista aliandika nne. Lakini aliyajua majibu ya serikali kabla hayajasemwa. Karatasi nne zinaweza kuwa chochote, maombi ya likizo, mialiko ya semina. Alihitaji mstari unaosema zilikuwa karatasi gani. Akafunua ukurasa wa nyuma yake.

Mstari ulikuwa katikati ya ukurasa, kwa wino mweusi wa Mama Masijala. Mchukuaji: Polisi, Upelelezi. Folio 1 hadi 67, na saba imevaa mshipi. Katika safu ya maelezo, kwa herufi ndogo zilizobanana, bibi alikuwa ameandika: *Zinazosubiri Lete Tena: fol. 41, 46, 52, 58. Mashine ya kutakasia vifaa, wodi ya wazazi. Mchukuaji ameonyeshwa.*

Na mbele ya maneno hayo, katika safu ya mwisho, ilikaa sahihi yenye mkia mrefu unaopinda kushoto. Afande aliitazama sana. Alikuwa akiiandika sahihi hiyo tangu alipokuwa kuruta.

Ndipo alipolikumbuka dirisha. Mwanamke mkaidi akimfunulia jalada, folio hii, na hii, na hii, na hii, umeziona? Na yeye akisema nimeona, nimeona, mama, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Alilirudisha baada ya siku mbili. Katikati ya siku hizo alisoma karatasi tatu za juu na taarifa ya ajira ya Sista, kwa sababu bosi alishamwambia mtu wanayemtaka ni nani.

Mstari wa mkurugenzi ulikuwa ukurasa mmoja na huu ukurasa mwingine. Angeweza kuomba nakala ya ule wa kwanza peke yake. Wakili asingejua. Majaji wangeona nne zimepungua, wangebishana, pengine wangeshawishika. Pengine. Na Sista angekaa gerezani akisubiri hiyo pengine.

"Nataka nakala za kurasa hizi mbili," alimwambia karani. "Zigonge muhuri, zote mbili."

Mwanasheria wa serikali alikuwa amesimama nyuma yake. Alisoma polepole, kisha akainama na kusema kwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa habari.

"Mzee wangu. Hii ni sahihi yako. Na wewe uliapa mahakamani kwamba barua hizi hukuziona. Ukiipeleka karatasi hii huko ng'ambo, huku nyumbani kuna kosa la kiapo cha uongo."

"Nalijua. Nimewahi kuwakamata watu kwa kosa hilo."

"Nakushauri tu."

"Ahsante, mwanangu. Karani, gonga muhuri."

*

Wakili alisoma nakala zile amesimama. Alipofika kwenye sahihi hakupiga kelele, wala hakutafuna kitu. Aliita mpigachapa, akamwamuru aanze hati ya kiapo ya Afande. Ilimalizika saa nane mchana, kurasa mbili na nusu.

"Hutaisaini hapa," alisema. "Kwanza nenda kamwambie Sista. Sitaki alisikie hili kutoka kwa mtu mwingine. Kamishna wa viapo nitamwambia asubiri."

Chumba cha wageni cha gereza kilikuwa na meza ndefu na wavu katikati. Sista alikuja amejifunga kitambaa kichwani, mikono imepauka kwa sabuni ya kufulia. Alipomwona Afande alisita, kisha akakaa. Hakumwamkia, na Afande hakutegemea kuamkiwa.

"Wakili alisema unatufanyia kazi sasa," alisema Sista. "Sikuamini."

"Tumepata ushahidi wa barua zako."

Akaibandika nakala kwenye wavu. Sista alisogeza uso karibu, midomo ikicheza. Alisoma namba za folio kwa sauti ya chini, moja moja. Arobaini na moja. Arobaini na sita. Hamsini na mbili. Hamsini na nane. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiganja.

"Zilifika," alisema. "Jamani, zilifika. Mimi nilishaanza kufikiri nina kichaa. Miaka mitano najiuliza, au niliota kuziandika."

"Zilifika. Kesho kabla ya saa kumi zitakuwa mbele ya majaji. Wakili anasema kwa hili serikali haina pa kutokea."

Sista alikuwa bado anasoma. Afande alijikaza, akasubiri. Kidole cha Sista kilifuata mstari, kikafika mwisho, kikatulia.

"Mchukuaji ameonyeshwa," alisoma. "Mchukuaji ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe."

"Alinifunulia zote nne. Nilisema nimeziona. Sikuzisoma. Halafu nikaenda kuapa kwamba hazimo." Akasukuma hati ya kiapo hadi kwenye wavu. "Nimeyaandika yote hapa. Sijasaini bado. Nilitaka usikie kwangu."

Sista aliisoma hati nzima, kurasa mbili na nusu, bila haraka. Askari wa kike mlangoni alitazama saa, akatazama pembeni. Sista alipomaliza alirudi juu, kwenye ile nakala ya daftari, na kuweka kidole kwenye tarehe.

"Siku hii," alisema, "ndiyo uliyosaini?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa na siku nne rumande."

"Ndiyo."

Alihesabu kwa vidole. Alikuwa akiwakumbuka marehemu kwa vitanda vyao, na midomo yake ilivitaja bila sauti. Kisha akamtazama Afande moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Siku hii walikuwa wamekufa wanane."

Afande alirudisha macho kwenye tarehe.

"Mashine ilikuwa bado mbovu, na barua ziko mkononi mwako," alisema Sista. "Walikuwa wanane, bado si kumi na mmoja. Hilo hukuliandika humu."

"Sikuliandika."

"Andika."

Askari alisema muda umekwisha. Afande alivuta hati upande wake wa meza, akaazima kalamu ya askari, na kwenye nafasi ndogo iliyobaki juu ya mahali pa sahihi akaongeza sentensi moja kwa mkono. Kisha akaigeuza kuelekea kwenye wavu, akasubiri Sista aisome.